Randa Kaingia Maigizo

Benchi letu liko mbele ya duka langu la kushonea nguo, kwa hiyo mimi ndiye ninayelifagia na mimi ndiye ninayelaumiwa likilowa. Alilitengeneza Randa, seremala, miaka kumi na moja iliyopita. Alilipima kwa makalio yetu matano, na tangu hapo hakuna kilichoongezeka ila makalio ya Bawaba. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa mtaa. Wakati wa baridi madirisha yake hufungwa na sisi hubaki kubahatisha. Miti ikianza kuchipua wanayafungua, wanabandika ratiba mpya mlangoni, na mtaa mzima unaingia kujifunza mambo ambayo haukuwa na haja nayo. Mwisho wa benchi hukaa Mama Chupa na meza yake ndogo, chupa mbili za kahawa, na vikombe vyetu vitano vilivyotundikwa kwenye misumari ubavuni mwa meza. Sheria yetu ni moja. Asiyekuwepo, kikombe chake kinajazwa vilevile na kuwekwa mahali pake, kikipoa kinamwagwa. Alhamisi hiyo kikombe cha Randa kilikuwa kimeshamwagwa mara moja, na saa nne na nusu ilikuwa haijafika.

— Jaza tena, Mama Chupa, akasema Bawaba. Huenda leo akatoka mapema.

Bawaba anauza makufuli, komeo na misumari, duka la pili kutoka langu. Jina lilitokana na biashara, likanogeshwa na sauti yake ya kukwaruza.

— Atoke wapi? akauliza Kinyozi. Kwani umemwona akiingia?

— Leo sijamwona. Alhamisi iliyopita pia sikumwona. Lakini kabla ya hapo Alhamisi tano mfululizo nilimwona kwa macho yangu haya, saa nne kamili, kachana nywele, anaingia mlango mkubwa.

— Sita, nikasema.

— Tano. Moja nilikuwa kwa daktari wa meno.

— Basi yeye aliingia mara sita, wewe ukamwona mara tano.

Bawaba akanywa kahawa yake. Kushindwa kwa hesabu hakupendi, lakini hupenda zaidi habari iendelee.

Mwalimu alikuwa amekaa, daftari magotini. Amestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha. Asubuhi ile alikuwa amevuka barabara, akasimama mbele ya mlango wa ukumbi na kunakili ratiba yote ya msimu, kwa mwandiko ule wake wa ubaoni.

— Alhamisi, saa nne hadi saa sita, akasoma. Chumba cha kwanza, ufinyanzi kwa wanaoanza.

— Si huko, nikasema. Anayefinyanga utamjua kwenye kucha. Kucha za Randa ni safi.

— Chumba cha pili, kwaya ya waliotimiza miaka sitini.

— Randa aimbe? akasema Kinyozi. Mimi nilimsikia siku moja anaimba karakanani. Nikadhani amejikata na msumeno, nikakimbia na pamba.

— Chumba cha tatu, mazoezi ya maigizo. Onyesho mwisho wa msimu, wote mnakaribishwa.

Hapo tukatazamana, kila mtu na lake kichwani.

— Chumba cha nne, akaendelea Mwalimu, kikundi cha wanaouguza mgonjwa nyumbani.

— Hicho ruka, akasema Bawaba. Randa hana mgonjwa.

— Una hakika?

— Angekuwa na mgonjwa si tungejua?

— Na shemeji, mkewe?

— Shemeji hajambo. Mimi humuuliza kila siku. Shemeji hajambo? Ananijibu hajambo.

Hoja hiyo ilitutosha. Sisi ndio tunaojua mambo. Mwenye duka la mikate alipogombana na shemeji yake, sisi tulijua kabla ya huyo shemeji. Mwalimu akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya chumba cha nne kwa kutumia ukingo wa kisahani, ili unyooke.

— Basi ni maigizo, akasema.

— Ni maigizo, nikasema mimi, na ushahidi ninao dukani.

Nilikuwa nimeuweka ushahidi huo tangu baridi, kwa sababu fundi mwenye heshima zake hasemi mambo ya wateja. Lakini suala lilikuwa limefika mbali.

— Kaniletea magauni matatu.

— Ya nani?

— Hakusema. Kaniambia nitoe vifungo vyote, nipasue mgongoni kutoka juu hadi chini, niweke zile tepe zinazobandikana zenyewe. Sasa niambieni. Nani anavaa gauni linalofungukia mgongoni lote, bila kifungo hata kimoja?

— Mtu anayebadilisha nguo haraka, akasema Mwalimu polepole. Nyuma ya pazia.

— Eeh. Tena kiuno. Gauni lilikuwa inchi thelathini na nane, akataka thelathini na nne.

— Randa mwenyewe amepungua, akasema Kinyozi.

— Nami ndivyo nilivyofikiri.

Kinyozi akaweka kikombe chini. Tukageuka wote kukitazama kikombe cha Randa, kilichokuwa kikifuka moshi mahali pake bila mtu.

— Unataka kusema anaigiza mwanamke? akauliza Bawaba.

— Mimi sisemi. Inchi ndizo zinazosema. Halafu ndani ya kola, kaniambia nishone kitambaa chenye namba yake ya simu. Magauni yote matatu. Nimeshona kwa uzi mwekundu.

— Hilo liko wazi, akasema Mwalimu. Ukumbi una watu wengi. Nguo za jukwaani hupotea.

Kwa kuwa mimi nilikuwa nimefungua, na Kinyozi akafungua.

— Kwangu alikuja akakaa kitini, nikadhani nimnyoe. Akasema la, nataka unionyeshe. Nimwonyeshe nini? Namna ya kumwosha mtu kichwa akiwa amekaa, povu lisiingie machoni. Nikamwonyesha, unazungusha taulo hapa kwenye paji, unamwinua kidevu. Akauliza, je, kama mtu mwenyewe hataki? Nikamwambia mteja asiyetaka kuoshwa hakuja kwangu. Akacheka kidogo. Halafu akaniuliza unamkataje kucha mtu anayekuvuta mkono.

— Ukamwambia nini?

— Nikamwambia umwimbie. Nilikuwa natania tu.

— Kuna kinyozi katika mchezo, akasema Mwalimu, na akaandika.

— Na ni kinyozi mzuri, akasema Kinyozi. Anauliza maswali ya mtu anayetaka kujua kazi.

— Kwangu kachukua komeo nne, akasema Bawaba, aliyeanza kuona anaachwa nyuma. Na kengele, ile ndogo ya mlangoni. Nikamwambia komeo unafunga usawa wa mkono. Akasema hapana, nazifunga juu kabisa, karibu na mbao ya juu. Nikamwambia, we seremala mzima, mtu atafikaje huko? Akasema, ndivyo ninavyotaka, asifike.

— Nani asifike?

— Hakusema. Ila mimi nimeelewa. Mchezo utachezwa milango imefungwa. Hakuna kutoka katikati. Ukiingia umeingia, mpaka mwisho.

— Na kengele?

— Mtu akijaribu kutoka, inalia.

Jambo hilo lilitupa mawazo. Mwalimu alisema michezo mikubwa yote hufanya hivyo, ila hakutaja hata mmoja. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na tukajua kwamba la kwake ndilo kubwa.

— Mimi kaniomba nimwandikie vibao, akasema. Herufi kubwa, wino mweusi, karatasi nyeupe. CHOO. JIKO. CHUMBA CHETU. Na kimoja kirefu: UMEFIKA, HAPA NI KWETU.

— Hujatuambia.

— Aliniomba nisiseme. Nami nimekaa nalo miezi minne. Jukwaa la kisasa halina fanicha nyingi, mjue. Unaweka kibao, mtazamaji anajijazia mwenyewe.

— Seremala atengeneze jukwaa lisilo na fanicha? akasema Bawaba. Huo ndio usanii sasa.

Tangu hapo kila kitu kikawa kinaingia mahali pake bila kusukumwa. Karakana ameifunga tangu baridi: hana nafasi, anafanya mazoezi. Macho mekundu: halali, anakariri. Zamani alikuwa anakaa nasi mpaka saa sita mchana, kwa mwaka mzima sasa akawa anakaa robo saa, jicho kwenye saa ya mkono, halafu anainuka na kusema, haya jamani, karibuni nyumbani. Sisi tunamjibu, ahsante, tumeshakaribia, na tunaendelea kunywa. Na wiki mbili hizi hajatokea kabisa, si ukumbini wala benchini.

— Onyesho limekaribia, akasema Mwalimu. Anajifungia.

— Hata maneno yake nimeyasikia, akasema Kinyozi.

— Maneno gani?

— Ya mchezo. Siku ile kitini, nilipokuwa namwonyesha mambo ya taulo, alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Nikasogea. Alikuwa anasema, mimi ni mumeo. Hapa ni kwetu. Usiogope. Halafu anaanza upya. Mimi ni mumeo. Hapa ni kwetu. Usiogope.

— Na baada ya hapo?

— Basi. Ndiyo hayo hayo. Labda mara ishirini.

— Sauti ya hasira?

— Hapana. Ya upole. Upole ule wa mtu aliyechoka.

Mwalimu alitikisa kichwa. Yeye amesahihisha insha maisha yake yote na hana huruma na maandishi dhaifu.

— Aliyeandika mchezo huo hana kitu, akasema. Mstari mmoja hauwezi kurudiwa mara ishirini. Mtazamaji atachoka.

— Na mke anajibu nini? nikauliza.

— Sijasikia sehemu ya mke.

— Kwa sababu yeye ndiye mke pia, akasema Bawaba. Magauni yale. Anacheza mume, anakimbia nyuma, anabandua tepe, anarudi mke. Mtu mmoja, mchezo mzima. Ndiyo maana amekonda.

Tulikaa tukilitazama wazo hilo. Lilikuwa kubwa kuliko benchi. Kinyozi akasema mtu wa namna hiyo hawezi kubaki mtaani, watakuja watu kutoka nchi nyingine kumchukua. Mwalimu akasema atahitaji mtu wa kumsahihishia barua. Mimi nikasema nguo zake zote za jukwaani ni kazi yangu, na hilo lijulikane mapema, asije fundi mwingine akajitia. Bawaba ndiye pekee aliyekuwa amekunja uso.

— Inaniuma, akasema.

— Nini?

— Miaka kumi na moja tumekaa naye. Ametutengenezea benchi. Jambo kubwa kama hili, hasemi. Kwani sisi nani kwake?

Kila mmoja wetu alikuwa anaumia kivyake. Tukaafikiana tu kwamba siku ya onyesho tutakaa mstari wa mbele, wote wanne, na tutapiga makofi hata kama mchezo haueleweki, ili ajue kwamba tulijua. Mama Chupa alikuwa anapangusa meza yake. Alipangusa mahali pamoja kwa muda mrefu sana.

Ndipo akavuka barabara dada mmoja, funguo nyingi shingoni, karatasi mkononi. Si wa mtaa wetu. Alisimama mbele ya benchi, akatuhesabu kwa macho.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba.

— Samahanini. Hapa ndipo benchini?

— Inategemea anayeuliza, akasema Mwalimu.

— Natoka ukumbini, mwenzangu amenishikia kazi. Nimekuja kwa habari ya yule mzee seremala.

Bawaba akainua mkono kumzuia.

— Usihangaike, mwanangu. Sisi tumeshajua. Tunachotaka ni viti vya mbele, vinne.

— Viti vya nini, mzee wangu?

— Vya mchezo.

— Mchezo upi?

— Huo anaoigiza. Wa chumba cha tatu.

Dada yule alimtazama Bawaba, akatutazama na sisi wengine, akaona hakuna anayecheka.

— Mimi ndiye ninayesimamia chumba cha nne, akasema.

Mwalimu alikuwa na daftari wazi magotini. Aliweka kiganja chake juu ya ukurasa, pale palipokuwa na mstari mwekundu.

— Nilidhani mnajua, akasema yule dada. Yeye alisema mnajua. Mkewe ana maradhi ya kusahau. Huu ni mwaka wa pili. Sasa hivi hata mumewe hamtambui vizuri, akiamka hujiona yuko kwa watu, anataka kurudi kwao. Mzee anakuja kwetu Alhamisi, wanakaa wenye hali moja, wanaambizana namna wanavyofanya. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake habari ya taulo kwenye paji.

Kinyozi akatazama mikono yake.

— Kulikuwa na jirani anabaki na mama, akaendelea, huyo jirani amehama. Ndiyo maana wiki mbili hizi haji. Na simu yake haipatikani tangu Jumatatu.

Nilikuwa naijua namba hiyo. Nimeishona mara tatu, kwa uzi mwekundu, nikajisifu kwamba tarakimu zimenyooka. Nimekipima kiuno cha mwanamke yule kikipungua inchi nne kwa mwaka, na sikumuuliza mtu kitu, nikaandika tu kwenye kitabu changu cha vipimo. Niliona aibu pale, aibu ya kweli, ya kutotaka kutazamwa.

— Mimi nilidhani mnajua, akasema Mama Chupa, kwenye meza yake. Kila siku alikuwa anaondoka na kikombe kimoja cha vuguvugu, sukari nyingi. Asiungue, anasema. Nikasema, rafiki zake hawa, watakuwa wanajua.

Dada akafungua karatasi yake.

— Kwenye fomu tunawaandikisha watu wa karibu, wale wanaoweza kumpokea zamu. Ameandika wanne. Mwalimu. Kinyozi. Bawaba. Fundi cherehani. Penye namba za simu kaandika, wapo benchini kila siku. Alisema hataki kuwasumbua mpaka ilazimike. Mimi naona imelazimika. Anahitaji mtu wa kukaa na mama kwa muda wa saa mbili tu, mara moja kwa wiki. Nani ataanza?

Hapo lazima niwatetee wenzangu, kwa sababu hakuna aliyesita.

— Mimi, akasema Kinyozi. Nitaanza leo. Duka nafunga.

— Anza wewe kichwa na kucha, mimi nitabaki mpaka jioni, akasema Bawaba. Na zile komeo nataka nizione. Kama alizifunga mwenyewe na usingizi ule, zitakuwa zimelegea.

— Nitamsomea, akasema Mwalimu. Alikuwa anapenda kusomewa magazeti? Si kitu, nitamsomea tu.

— Alhamisi zote ni zangu, nikasema mimi, ninyi gawaneni siku nyingine.

— Kwa nini ziwe zako?

— Nampima mimi.

Tulikuwa tumeshainuka wote. Mama Chupa alikuwa amejaza kikombe, akapunguza moto wake kwa maji, akakoroga sukari, akakifunika kwa kisahani na kunikabidhi mimi. Dada yule akatabasamu kwa mara ya kwanza, akakunja karatasi.

— Ahsanteni sana. Basi twendeni. Mimi ninafuata.

Tukasimama.

— Unafuata wapi? akauliza Kinyozi.

— Nyumbani kwake. Penye anwani kaandika, waulizeni wa benchini, wanapajua.

Bawaba alimtazama Mwalimu. Mwalimu alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Mama Chupa, naye akaanza tena kupangusa meza.

— Anatokea upande wa duka la mikate, akasema Bawaba hatimaye.

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa jambo la kufanya. Tukaenda. Kinyozi alikuwa na taulo begani na sijui alilichukua saa ngapi. Mwalimu alitangulia, kwa mwendo wa mtu anayejua. Mimi nilikuwa nyuma na kikombe, naangalia kisimwagike. Tukapita ukumbi, madirisha wazi, kwaya ya wazee inaimba vibaya. Tukapita karakana ya Randa, kufuli la Bawaba mlangoni. Tukafika duka la mikate, pale kwenye kona, mahali ambapo kwa miaka kumi na moja tumemwona akijitokeza kila asubuhi na akipotelea kila anapoondoka, ameshatukaribisha kwake.

Mwalimu akasimama. Nasi tukasimama. Kinyozi aliangalia kushoto, kwenye nyumba nyingi. Bawaba aliangalia kulia, kwenye nyumba nyingi. Kahawa ilikuwa bado vuguvugu.

— Sasa wazee wangu, akasema yule dada, ni huku au huku?